Kiangazi Bukene: kikapu cha michembe kwenye njia ya misafara

Shule zinapofungwa mwezi Juni, majaruba ya mpunga yanayouzunguka mji wa Bukene huwa yamekauka hadi udongo kupasuka nyufa. Uani, juu ya majabali na kwenye mikeka, vipande vyeupe vya viazi vitamu huanikwa juani huku watoto wakiamrishwa kuwafukuza kuku. Ni mwezi wa ghala kujaa. Ni mwezi pia ambao swali moja huzuka katika kaya nyingi za mji huu wa wilaya ya Nzega, mkoani Tabora: mavuno yanakwisha, watoto wapo nyumbani, jua bado lina adabu, familia itoke iende wapi siku moja, ile nini, na irudi jioni bila kuumiza mfuko?

Swali hilo halijibiwi na matangazo ya utalii wa ndani. Hayo hutaja Serengeti, Ngorongoro, Mikumi na fukwe za Zanzibar. Kwa kaya ya watu saba inayoishi kwa mpunga, karanga na ng'ombe wachache, nauli peke yake humaliza hamu. Mtoko hugeuka kuwa jambo la watu wa mjini, na likizo hupita kwa kuchunga asubuhi na kukaa mbele ya televisheni ya jirani jioni.

Ilhali Bukene imekaa mahali ambapo karne moja na nusu iliyopita kutembea wakati wa kiangazi lilikuwa jambo la kawaida kuliko kukaa.

Msimu wa kutembea

Mvua za Unyamwezi, nchi ilimo Bukene, huanza Novemba na kukoma Aprili au mwanzoni mwa Mei. Kuanzia Juni hadi Septemba karibu haidondoki hata tone. Juni na Julai asubuhi huwa na baridi ya kutafuta sweta, kwa kuwa uwanda huu upo zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Mchana huwa na upepo na anga isiyo na wingu. Joto kali husubiri Septemba na Oktoba, wakati vumbi nalo limekwisha kukomaa. Kwa hiyo miezi ya kumtoa mtoto nje kwa raha ni miwili na nusu tu, na kwa bahati likizo ndefu ya katikati ya mwaka huangukia humo.

Wapagazi wa Kinyamwezi walikwisha kuipiga hesabu hii. Wanaume walivuna, wakafunga mizigo yao ya pembe za ndovu, wakaondoka kwenda pwani njia zikiwa kavu na chakula kikipatikana vijijini. Waliojaliwa walirudi kabla ya mvua za kupandia. Msafara uliotoka Bagamoyo ulichukua kwa kawaida kama miezi mitatu kufika Tabora, na mara nyingine zaidi. Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Hanning Speke waliondoka pwani Juni 1857 na kuingia Kazeh, ndani ya Tabora ya leo, Novemba 7. Mwaka uliofuata, Julai, Speke alielekea kaskazini, akaipita nchi iliyopo kati ya Tabora na Mwanza, na mwanzoni mwa Agosti akawa analitazama ziwa ambalo wenyeji walikuwa wakilivua samaki tangu enzi za babu zao.

Katika Tabora njia ziligawanyika: magharibi kwenda Ujiji, kaskazini kwenda Karagwe na Buganda, kusini-magharibi kwenda Katanga. Nchi ya Bukene ilikuwa upande wa kaskazini wa njia panda hiyo. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912, kazi ya upagazi wa masafa marefu ilikosa soko. Tawi la Tabora hadi Mwanza, linalopita Bukene, lilikamilika mwaka 1928. Tangu hapo mji na stesheni ni kitu kimoja.

> Wapagazi walitembea kiangazi kwa sababu njia zilikuwa kavu na vijiji vilikuwa na chakula. Sababu hizo mbili hazijabadilika.

Kikapu kabla ya njia

Watu wengi hupanga mahali kwanza, chakula baadaye. Bukene ni afadhali kuanza na kikapu, kwa kuwa vyakula vya kiangazi vya Unyamwezi vilibuniwa kwa ajili ya kusafiri na kukaa muda mrefu bila kuoza. Wataalamu wa lishe wanaohubiri vyakula vikavu vya safari wangefika huku wangekuta somo limekwisha kufundishwa.

Kinara ni kiazi kitamu. Kikimenywa na kukatwa vipande kibichi kisha kikaanikwa, huitwa michembe. Kikichemshwa kwanza ndipo kikatwe na kuanikwa, huitwa matobolwa. Tofauti hiyo ndogo ni kubwa njiani. Michembe hutaka sufuria na moto: huchemshwa hadi ilainike, na kaya nyingi huikolezea karanga zilizotwangwa ikawa na uji mzito wenye utamu wake wenyewe. Matobolwa yamekwisha kuiva. Hutafunwa yakiwa makavu kama peremende ngumu, na mtoto mmoja akipewa kiganja hutulia nusu saa. Inasimuliwa mara nyingi kwamba jina la Tabora lenyewe limetokana na matobolwa, chakula ambacho wasafiri walikikuta kimejaa mahali hapo. Ukweli wa asili ya majina ya miji ni mgumu kuthibitisha, lakini si miji mingi yenye simulizi ya kuitwa kwa jina la chakula cha safari.

Karanga hufuata. Huwa zimevunwa na kukaushwa kufikia Juni, na hukaangwa kwa chumvi au huchemshwa na maganda yake. Hapa pana angalizo lisilopaswa kufanyiwa mzaha: karanga zilizoingia unyevu na kuota ukungu hubeba sumukuvu, na sumu hiyo haiondoki kwa kukaangwa. Karanga iliyokunjamana, yenye rangi ya ajabu au uchungu mdomoni hutupwa, haiwekwi pembeni kwa ajili ya watoto. Njugu mawe, zilizochemshwa hadi zikafunguka, hushibisha kuliko karanga na hazina mafuta ya kuchafua nguo.

Chakula kizito cha mtoko, kwa kaya inayoweza, ni wali wa mpunga mpya na kuku wa kienyeji. Mpunga wa majaruba ya Nzega na Igunga huvunwa kuanzia mwezi wa tano, na wali wa mchele mpya una harufu ambayo mchele wa dukani uliokaa mwaka hauna. Wasiochinja kuku hupika ugali wa mtama au wa muhogo, na mboga huwa nsansa, yaani majani ya kunde yaliyochemshwa na kukaushwa, yakaungwa kwa karanga. Nsansa ina sifa moja inayowapendeza wapishi wa safari: haichachi haraka kama mboga mbichi za nazi za watu wa pwani. Wapo vijana wa mjini wanaoiona ni mboga ya njaa. Hao huachiwa chipsi mayai za stendi, na kwa kawaida ndio hurudi nyumbani wa kwanza kuuliza kama chakula kimebaki.

Wali ndio unaohitaji uangalifu. Ukipikwa alfajiri na kufungiwa kwenye hotpoti ukiwa wa moto, hufika saa sita mchana ukiwa salama. Ukiachwa upoe kwenye sufuria kisha ubebwe ndani ya gari lililofungwa vioo, hapo ndipo matumbo ya watoto huharibika, na lawama humwangukia kuku asiyehusika.

Kitoweo cha mwisho ni asali. Tabora ni mkoa wa nyuki kiasi cha kuwa na chuo cha serikali cha ufugaji nyuki mjini Tabora, na asali ya misitu ya miombo huuzwa barabarani kwenye chupa na madumu. Matobolwa yaliyochovywa ndani ya asali ni kitu ambacho hakipo kwenye orodha ya hoteli yoyote ya kitalii, na hasara ni ya hoteli. Watoto walio chini ya mwaka mmoja hawapewi asali kabisa, hata ya kulambishwa, kwa kuwa huweza kubeba vijidudu ambavyo utumbo wao bado hauviwezi.

Ukwaju na ubuyu hutoa kinywaji. Ukwaju huloweshwa usiku, ukachujwa na kutiwa sukari kidogo. Ubuyu hukorogwa vivyo hivyo. Matunda ya porini kama ntalali, furu, mbula na matonga hutegemea msimu wake, na kuyajua ni elimu ambayo babu na bibi wanayo na shule haina. Mtoko unaomchukua bibi ni mtoko wenye mwalimu.

Karibu na nyumba

Mahali pa kwanza ni stesheni. Kwa mtu mzima wa Bukene, treni ni chombo cha kwenda Mwanza au Dar es Salaam. Kwa mtoto wa miaka sita ni tukio. Katika vituo vya njia hii, treni ya abiria inaposimama, madirisha hugeuka soko: ndoo za kuku wa kukaanga, karanga, asali, ndizi na maji ya chupa hupita juu ya vichwa kwa dakika chache, kisha honi, kisha kimya. Hakuna kiingilio. Sharti ni moja, na wazazi hulilegeza kupita kiasi: reli haichezewi, wala mabehewa ya mizigo yaliyoegeshwa hayapandwi. Mstari wa kisasa wa SGR kati ya Tabora na Isaka, ambao mkataba wa ujenzi wake ulitiwa saini mwaka 2022, umeongeza cha kutazama na kwa kiasi hichohicho umeongeza mahali ambapo mtoto hapaswi kusogelea.

Mahali pa pili ni gulio au mnada. Ni mtoko ambao familia nyingi huufanya bila kuuita hivyo. Ng'ombe hununuliwa upande mmoja, mitumba upande mwingine, na katikati moshi wa nyama choma huwaita wote. Nyama huchaguliwa ikining'inia, hupimwa kwa kilo, huchomwa mbele ya mnunuzi, hukatwakatwa juu ya ubao na kuliwa na chumvi, pilipili, kachumbari na ugali au ndizi. Mama anayetaka watoto wake wale salama huagiza nyama iive kabisa na huwahi kabla ya saa nane, maana kadiri jua linavyoshuka ndivyo pombe inavyopanda, na mnada wa jioni si wa watoto.

Tatu ni majabali. Nchi ya Nzega ina vilima vya mawe ya matale vinavyochomoza katikati ya uwanda. Kupanda jabali lisilo refu asubuhi, kutandika mkeka kivulini mwa mkwaju chini yake, kula na kulala kidogo: hiyo ni siku kamili, na gharama yake ni chakula ambacho kingeliwa hata nyumbani. Huvaliwa viatu vya kufunika vidole kwa sababu ya miiba ya migunga na nyoka wanaoota jua maweni.

Nzega mjini ipo upande wa mashariki, kilometa thelathini na kitu. Familia nyingi huenda huko kwa ajili ya hospitali, benki au nguo za Idi na Krismasi. Wenye hamu ya kuona mahali pa kale zaidi hupita hadi Ndala, misheni ya Wamisionari wa Afrika iliyoanzishwa mwaka 1896, ambako padri Fridolin Bösch alikaa na kuandika kwa kina kuhusu mila za Wanyamwezi.

Tabora ya siku moja, au mbili

Tabora ipo kusini, kama kilometa 90 kwa mwendo wa ndege na zaidi kidogo kwa barabara. Inawezekana kwenda na kurudi siku moja, ila kwa watoto wadogo ni haraka ya bure. Wenye ndugu mjini hulala kwao, na mkoa huu hakuna asiye na ndugu Tabora.

Kivutio kinachostahili safari hiyo ni Kwihara, kilometa chache nje ya mji, ilipo tembe inayohifadhiwa kama makumbusho ya Livingstone. Tembe ni nyumba ya kuta nene za udongo na paa la bapa lililofunikwa udongo, ndani yake baridi hata saa saba mchana. Mtoto anayeingia huelewa kwa ngozi yake kwa nini watu walijenga hivyo kabla ya bati. Henry Morton Stanley alikaa Kwihara mwaka 1871 akielekea Ujiji kumtafuta Livingstone, wakati ambao vita kati ya Mtemi Mirambo na wafanyabiashara Waarabu vilikuwa vimefunga njia ya magharibi. Alirudi hapo na David Livingstone Februari 18, 1872. Stanley akaondoka Machi 14 kwenda pwani. Livingstone akabaki akingoja wapagazi, akaondoka Agosti 25, na hakurudi akiwa hai. Mwaka 1873 wafuasi wake Susi, Chuma na wenzao waliupitisha mwili wake Kwihara wakiubeba kwenda pwani, safari ambayo ukubwa wake hauelezeki hadi mtu autazame umbali huo kwenye ramani.

Hapo pana hoja inayohitaji kujibiwa. Makumbusho yenye jina la mgeni mmoja hufanya wageni wawe ndio habari, na maelfu waliobeba mizigo wawe mandhari. Wanaolalamika hivyo wana haki. Njia hiyohiyo ilipitisha watu waliofungwa minyororo, na baadhi ya wakubwa wa Tabora, wageni na wenyeji, walitajirika kwa biashara hiyo. Kuna wanaoona kwamba mahali kama hapo si pa kwenda na hotpoti na mpira. Wengine hujibu kuwa mtoto asipopelekwa akiwa mdogo hatapelekwa tena, na kwamba huzuni ya historia haizuii kula chini ya mwembe uliopandwa enzi zilezile. Jibu la pili lina nguvu zaidi, kwa sharti la mzazi kuzungumza. Mtoto aliyeambiwa tu kuwa "hapa alilala mzungu" amepelekwa bure. Aliyeambiwa kuhusu wapagazi, kirangozi aliyetangulia msafara, posho ya nafaka iliyopimwa kwa kibaba, na Mirambo aliyewatetemesha wenye bunduki, amekwenda shule.

> Mtoto aliyeambiwa tu kuwa "hapa alilala mzungu" amepelekwa bure.

Kwa upande wa watawala wenyeji, upo mji wa Itetemia, makao ya watemi wa Unyanyembe. Mtemi Isike alipigana na Wajerumani na kufa Januari 1893 katika ngome yake iliposhambuliwa na kikosi cha Tom von Prince. Boma la Wajerumani lililopo mjini linaonekana vizuri zaidi baada ya kisa hicho kusimuliwa.

Vituo vingine hupitwa haraka. Bustani ya wanyamapori ya Tabora ni ndogo, na kwa mtoto ambaye hajawahi kuona simba, ndogo inatosha. Shule ya Sekondari ya Wavulana Tabora, alikosoma Julius Nyerere kuanzia mwaka 1937, hutazamwa kutoka barabarani. Wanaofuatilia siasa hukumbuka kuwa mji huu ndio uliokuwa mwenyeji wa mkutano wa TANU wa Januari 1958, ulioamua chama kishiriki uchaguzi wa kura tatu, uamuzi uliobaki na jina la Uamuzi wa Busara.

Kwa kaya zisizoweza kwenda Juni, ipo nafasi nyingine. Agosti 8 ni sikukuu ya Nanenane, na maonyesho ya wakulima ya Kanda ya Magharibi hufanyika kwenye viwanja vya Fatma Mwassa, Ipuli, mjini Tabora. Watoto huona ng'ombe wakubwa kuliko waliowazoea, mabwawa ya samaki ya mfano na mizinga ya kisasa, na mama lishe hupika kutwa nzima. Ni siku ya umati. Mtoto hufungwa mkononi karatasi yenye namba ya simu ya mzazi.

Maji: nani aguse, nani asiguse

Hakuna kinachowavuta watoto kiangazini kama maji, na hakuna kinacholeta ugomvi zaidi kati ya familia, mamlaka na wahudumu wa afya.

Kaskazini mwa Tabora lipo bwawa la Igombe, lililojengwa mwaka 1958 kwa ajili ya maji ya mji. Ni eneo kubwa la maji lenye ndege, wavuvi na upepo, na mtu yeyote akilitazama hufikiria mkeka na samaki wa kuchoma. Lakini ni chanzo cha maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bwawa, ziwa au mto. Wanaotaka mabwawa yafunguliwe kwa mapumziko wanasema kuwa maji ya Ziwa Victoria sasa yamefika Nzega, Igunga na Tabora, hivyo mji hautegemei tena Igombe kama zamani. Upande wa pili unasema bwawa lililoachiwa mifugo, majembe na plastiki hujaa tope, na siku bomba la mbali likipata hitilafu mji utarudi kulihitaji. Hoja ya pili ni nzito. Hata hivyo kukaa kimya nje ya mita 60, bila kufulia, bila kuosha gari na bila kuacha takataka, hakumdhuru mtu.

Malambo ya vijijini ni suala jingine, na hapa hakuna pande mbili. Maji yaliyotuama ya Unyamwezi na Usukuma ndimo wanamoishi konokono wanaoeneza kichocho. Vimelea hutoka kwenye konokono hasa saa za jua la mchana, hupenya ngozi ndani ya dakika chache, na mtoto huondoka akiwa na furaha. Damu kwenye mkojo huja wiki kadhaa baadaye. Konokono hao wanaweza kusubiri ndani ya tope lililokauka hadi mvua irudi, kwa hiyo lambo lililokuwa kavu mwaka jana si salama mwaka huu. Juu ya kichocho kuna kuzama. Lambo lina kingo za utelezi na kina kisichoonekana. Mtoto wa Bukene anayetaka kuogelea humwagiwa ndoo uani, na huo ndio ukweli usiopendeza.

Moto na kivuli

Tishio la mwisho ni moto. Nyasi za Julai huwaka kwa cheche moja, na moto mwingi wa misitu ya Tabora huanzishwa na watu: wasafishaji mashamba, wawindaji, warinaji asali wanaotumia vienge, na mara nyingine familia iliyoacha mafiga yakifuka. Anayepika nje hufyeka na kufagia hadi udongo uonekane pande zote, huweka ndoo ya mchanga pembeni, na haondoki hadi majivu yashikike kwa mkono. Jiko la mkaa ni salama kuliko mafiga. Chakula kilichopikwa nyumbani ni salama kuliko vyote.

Kivuli nacho kina siasa yake. Miembe ya njia za misafara ndiyo iliyoipa Tabora sura yake, na mwembe huweza kuishi miaka mingi kuliko aliyeupanda. Mkoa huu umekaushia tumbaku yake kwa kuni kwa miongo mingi, mkaa unaendelea kwenda mijini, na ujenzi wa barabara na viwanja hukata miti iliyobaki. Mwenye kiwanja anasema mti si bati wala nyumba. Ana hoja yake. Lakini mji unaotaka wageni wa ndani wakae, wanunue maji, karanga na nyama, hauwezi kuwakalisha juani.

> Mji unaotaka wageni wakae na kununua hauwezi kuwakalisha juani.

Gharama ya kuufanya mtoko wa familia uwezekane katika miji midogo kama Bukene si hoteli. Ni choo safi chenye maji karibu na stesheni na gulio, pipa la taka linalomwagwa, benchi mbili chini ya miti iliyopandwa na kulindwa dhidi ya mbuzi kwa miaka mitatu ya kwanza. Mama anayetembea na mtoto wa miaka miwili hupanga siku yake kwa kufuata vyoo, si kwa kufuata vivutio. Halmashauri inayokusanya ushuru wa kila ng'ombe na kila gunia kwenye mnada haiwezi kusema haijui pa kuanzia.

Hesabu ya mfuko

Kaya inayobeba chakula chake hulipa nauli na maji tu. Inayokula kwa mama lishe hulipa mara mbili au zaidi, ila huacha fedha mikononi mwa mwanamke wa mahali hapo, jambo ambalo nalo ni jema. Wengi huchanganya: matobolwa, karanga na ukwaju hutoka nyumbani, nyama hununuliwa mnadani. Kaya mbili au tatu zikichangia kukodi Noah kwenda Kwihara, nauli hupungua na wapishi huongezeka.

Wachache wenye uwezo zaidi hupanda treni hadi Mwanza mwezi Juni kuona Bulabo, sherehe ya ngoma inayofanyika Bujora, Kisesa, ambako makundi ya Wagika na Wagalu hushindana kuvuta watazamaji. Ni safari ya siku kadhaa, ila michembe huvumilia.

Mvua za kwanza kwa kawaida hufika Novemba. Zikifika, udongo mweusi wa mbuga hunasa magurudumu, majaruba hufunguliwa maji, mizinga na majembe huchukua nafasi ya mikeka, na michembe iliyobaki huhamishiwa kihengeni kungoja njaa ya Januari.